Kioo cha Mbele cha Mzee Halipiti

Kama hukuwahi kukaguliwa gari na Mzee Halipiti, shukuru Mungu wako. Miaka thelathini na mmoja alisimama kwenye uwanja wa ukaguzi wa magari, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, tochi mfukoni, nyundo ndogo mkononi, na katika miaka yote hiyo neno alilolitamka mara nyingi kuliko hata jina la mkewe lilikuwa hilo moja: halipiti. Breki zinavuta upande? Halipiti. Taa ya nyuma imezibwa kwa karatasi nyekundu ya biskuti? Halipiti, na mwenye gari naye aondoke hapo upesi kabla hajaanza kukaguliwa yeye. Madereva walimpachika jina hilo wakidhani watamuudhi. Wapi. Alilipenda. Siku ya kustaafu walimpa saa ya ukutani, naye kabla hajasema asante akaigeuza nyuma kuangalia kama ni ile ile iliyochorwa kwenye boksi.

Ndivyo alivyoumbwa, tufanyeje. Mtu wa kawaida akisalimiwa huitika. Halipiti akisalimiwa alijiuliza kwanza huyu anataka nini. Muuza maziwa akimjazia chupa hadi shingoni, alinusa. Watoto wake wawili, ambao sasa wana familia zao huko mbali, wakipiga simu huanza kwa kujitetea: "Baba, hatuna shida, tunakusalimia tu." Naye hujibu, "Haya, semeni hiyo shida yenyewe."

Hata mke alimpata kwa njia hiyo hiyo. Binti mmoja alileta uwanjani gari la kusambaza mikate, gari la mwajiri wake, na Halipiti akalizunguka mara mbili akasema wiper ya kushoto imekauka. Binti akarudi kesho yake na wiper mpya. Akaambiwa honi ina kwikwi. Akarudi tena, akaambiwa jambo jingine. Safari ya nne akashuka, akamkabidhi funguo, akamwambia, "Kaka, kama una la kusema na mimi, sema, mikate yangu inachacha." Mwaka haukuisha wakaoana. Dada yule alikuwa dereva hodari, lakini baada ya ndoa aliendesha mumewe akiwa pembeni kwa wiki mbili tu. Gia umechelewa. Kioo cha pembeni hujaangalia. Mbona breki mapema hivyo. Wiki ya tatu akamtupia funguo mapajani, akahamia kiti cha pili, na hapo ndipo alipokaa kwa miaka thelathini.

Sasa mtu wa namna hii, baada ya kustaafu, akaamua kuunda gari lake mwenyewe. Ni yale magari yanayokuja vipande vipande ndani ya makasha, pamoja na kitabu cha maelekezo, halafu mwenyewe unakaa kwako unaunga. Gari la viti viwili, wazi juu, pua ndefu. Alilitamani tangu akiwa kijana wa miaka ishirini, alipoliona kwenye jarida lililochakaa kwa kinyozi. Makasha manne yalipofika aliyapanga kwenye banda nyuma ya nyumba, akahesabu kila kitu, nati kwa nati, siku tatu nzima, akiwa na hakika atakuta wamempunja. Hawakumpunja. Jambo hilo lilimtia wasiwasi zaidi.

Baada ya mwaka na nusu gari likasimama kwa magurudumu yake, injini ikaunguruma, majirani wakaja kuchungulia kwenye mlango wa banda. Kikabaki kitu kimoja, kioo cha mbele. Makasha yalikuja na fremu ya alumini tupu, kwa sababu kioo ni mzigo wa kuvunjika, kila mtu atafute chake huko aliko. Na siku ya ukaguzi ilikuwa imeshapangwa: Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kwenye uwanja ule ule aliostaafia. Bila kioo hakuna ukaguzi, bila ukaguzi hakuna namba, na gari lisilo na namba ni pambo la banda. Halipiti alikuwa na jambo moja tu analolitaka duniani kabla uzee haujamkalia sawasawa. Alitaka kushika usukani wa gari alilolifunga kwa mikono yake, mkewe kando, wapande barabara ya milimani hadi kwa dada wa mkewe, washukie mlangoni watu wote wakitazama. Alikwisha muahidi mkewe safari hiyo mara nyingi mno, na kila mara mkewe alisema, "Inshallah, mzee," halafu akatafuta cha kupangusa.

Miezi mitatu kabla ya Ijumaa hiyo Halipiti alikuwa ameazima pikapu ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, kwenda kuchukua makopo ya rangi. Mkewe alikaa kando yake. Walipokuwa wakikatiza njia ya sokoni, kitu kikagonga ubavuni mwa gari, paa. Halipiti akasimama mbele kidogo, akashuka, akalizunguka gari, akawatukana watoto wasiojulikana waliotupa jiwe, akapanda tena. Njia nzima mkewe alikaa mikono imekunjwa mapajani na uso umempauka, na Halipiti akadhani ni njaa.

Basi jioni moja mkewe alikuwa akimenya viazi, akasema kama mtu anayejisemea tu, "Hivi lazima kiwe kioo? Mdogo wangu ana zile plastiki ngumu za mabango. Wanaziita polikaboneti sijui. Anasema hata ukizipiga nyundo hazivunjiki, sembuse jiwe." Akatupa ganda, akachukua kiazi kingine.

Machale yakamcheza Halipiti. Mkewe, tangu ahamie kiti cha pili, hakuwahi kutoa maoni juu ya kipuri chochote cha gari lolote. Leo anazungumza habari za polikaboneti, na ametamka neno lote bila kujikwaa. Hata hivyo jiwe la njia ya sokoni lilikuwa bado linamuuma. Akasema, "Mwambie alete. Nitaliangalia."

Shemeji alikuwa na karakana ya mabango ya matangazo, mtu mnene mpole ambaye nguo zake hazikuwahi kukosa doa la gundi. Jumamosi akaja na bamba la plastiki limefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Halipiti hakumpa hata kiti. Akaliegemeza bamba juu ya matofali mawili, akachukua nyundo kubwa, akalitwanga. Nyundo ikaruka juu, nusura ichukue pua ya mwenye nyumba. Bamba halikuwa na hata alama.

"Umeona, shemeji?"

"Nimeona. Ngoja." Akatoa funguo ya mlango, akakwaruza kwenye kona. Ukabaki mchoro mweupe. "Na hiki je?"

"Nani atakuja kukukwaruzia gari kwa funguo ya nyumba?"

"Wiper. Wiper na vumbi. Mwezi mmoja tu hili litakuwa kama goti la mtoto."

Akamwita na fundi vioo wa mtaa wa pili, aliyejulikana kwa jina la Kidole, kwa sababu kidole chake cha shahada kilikuwa nusu. Nusu nyingine aliiacha kwenye dirisha la ghorofa fulani akiwa angali mwanafunzi. Kidole alikuwa na mdomo. Alilitazama bamba la mwenzake kwa huruma kubwa.

"Mzee, hii kitu ni ya bango. Kwenye gari hapana. Ukiifuta kwa spiriti inatoka mishipa. Petroli ikiidondokea, basi tena. Ikipigwa jua miaka miwili inakuwa njano. Na kule kwenye ukaguzi..."

"Unanifundisha ukaguzi mimi?"

"Sikufundishi. Nasema tu, wanataka ile alama ya kiwandani kwenye kona ya kioo."

"Na jiwe likija kwenye hicho kioo chako?"

"Kina matabaka mawili na utando katikati. Kitapata ufa, lakini hakikumwagikii usoni. Nakikata kwa kipimo cha fremu yako, nakivalisha mpira, umemaliza."

"Kina uzito wa mbuzi mzima," shemeji akachomeka.

"Afadhali mbuzi kuliko mfuko wa nailoni," Kidole akamrudishia.

Kila mmoja alisema kweli tupu juu ya bidhaa ya mwenzake na kutia chumvi juu ya yake, na Halipiti akaona hapo hakuna wa kuaminiwa. Akaagiza bamba lifungwe kwenye fremu kwa skrubu nne, la majaribio, akakaa kwenye kiti cha dereva, akatazama nje kuelekea kichochoro. Akakunja uso.

"Hili lina ukungu."

Shemeji akalifuta kwa kitambaa laini, ndani na nje. "Shemeji, linang'aa."

"Linang'aa kwako wewe unayeliuza. Umeniletea masalio ya bango, mimi si mtoto."

Wiki iliyofuata Kidole akaleta kioo chake, bado hakijakatwa, akakisimamisha mlangoni kwenye mwanga. Halipiti akakisogelea. Akarudi nyuma. Akakisogelea tena hadi pumzi yake ikakitia mvuke. Nacho kilikuwa na ukungu. Akatafuta alama ya kiwandani kwenye kona, akaona doa la kijivu lisilosomeka.

"Alama hii imefutwa," akasema. "Kioo cha wizi hiki, au cha bandia. Umeisugua kwa nini?"

Sasa Kidole hakuwa mtu wa kuitwa mwizi akanyamaza. Alikwisha funua mdomo. Halafu akatazama juu ya bega la Halipiti, mlangoni, ambako mke wa Halipiti alikuwa amesimama na sinia ya chai, na mdomo ukafungwa. Akainama, akaanza kukifunga kioo chake taratibu. "Sawa, mzee," akasema. "Nitaagiza kingine."

Sawa, mzee? Kidole? Halipiti hakulala vizuri kwa hilo neno "sawa".

Tangu siku hiyo akaanza kuwaweka wote chini ya ukaguzi. Kila Jumatatu Kidole alisema kioo kipya hakijafika. Kila Jumatano shemeji alisema bamba zuri zaidi liko njiani. Ukiuliza njiani wapi, anajikuna shingo. Mkewe naye alianza kushika simu kwa mkono wote, kana kwamba maneno yatamwagika, na Halipiti akiingia jikoni mazungumzo yanageuka ghafla kuwa habari za bei ya vitunguu. Tena mama huyo huyo, kila mumewe alipokaribia kukata shauri, alimtilia neno. Akisema nimechagua kioo, mkewe anauliza kwa upole, "Na lile jiwe?" Akisema basi plastiki, mkewe anasema, "Sijui wenzako wa uwanjani wataionaje." Halipiti anarudi bandani, anaanza upya.

Alishuku mengi katika wiki hizo. Alishuku kwamba shemeji analitaka gari. Alishuku kwamba Kidole na shemeji wamepatana wamchoshe mpaka achukue chochote. Alimshuku mkuu mpya wa uwanja wa ukaguzi, kijana aliyemfundisha kazi mwenyewe, kwamba amepanga kumlipizia. Aliwashuku hata wenye gazeti, ambao siku hizi wamepunguza wino hadi mtu anasoma vichwa vya habari tu, na wenye balbu, ambazo zikiwa mpya hazina tofauti na zilizoungua. Mkewe alimsikiliza. Wakati mwingine alimtazama muda mrefu hadi Halipiti akamuuliza, "Nini?" naye akasema, "Hakuna."

Ikabaki wiki moja na siku moja. Alhamisi hiyo, baada ya chakula cha mchana, mkewe akajifunga kitambaa kichwani akasema anakwenda kununua uzi. Halipiti akasema haya. Akahesabu hadi mia moja, akavaa kofia, akamfuata.

Kumfuata mtu mchana kweupe si kazi rahisi kwa mtu wa umri ule. Alimshika kwa rangi ya kile kitambaa, chekundu, akakiangalia kikielea mbele yake. Mara mbili alikipoteza akakipata. Kwenye pembe ya duka la viatu alijigonga kwenye baiskeli iliyoegeshwa, akaiangalia kwa uchungu. Mtu ameiweka pale makusudi, hilo halikuhitaji maswali. Duka la uzi lilipitwa. Kitambaa chekundu kikakata kushoto, kikaingia moja kwa moja kwenye karakana ya shemeji.

Nje ya karakana kulikuwa na herufi kubwa za plastiki za bango fulani, zimeegemezwa ukutani, kila moja ndefu kuliko mtu. Mzee mzima, mkaguzi mstaafu wa serikali, akajificha nyuma ya herufi.

"...mimi nimechoka, dada," sauti ya shemeji ilikuwa ikisema. "Nimechoka kumdanganya mtu mzima. Kila nikifika ananiita mwizi."

"Bora akuite mwizi." Hiyo ilikuwa ya mkewe. "Wiki moja tu. Ijumaa ile ipite. Tarehe ikishampita, kupata nyingine ni miezi, nitakuwa nimepata la kufanya."

"Na akichagua leo?"

"Hatachagua. Namjua. Gari lile asiliendeshe. Umenisikia? Asiliendeshe kabisa."

Halipiti akabaki nyuma ya herufi yake. Ajabu ni kwamba hakufurahi. Mtu aliyeshuku maisha yake yote, leo ameshika watu kwa vitendo, njama yenyewe hii hapa, na sauti ni ya mkewe. Alitegemea siku kama hiyo ataingia kwa kishindo na kidole juu. Badala yake akageuka akarudi nyumbani na uchungu ambao hakuwahi kuujua, kwa sababu kati ya watu wote aliowakagua, huyo mmoja hakuwahi kumkagua kwa dhati. Alimuuliza maswali, ndiyo, ilikuwa mazoea. Lakini moyoni alishampitisha zamani.

Alipofika bandani huzuni ilikuwa imegeuka hasira, na hasira ina mikono. Atamaliza mwenyewe. Lile bamba la shemeji lipo kwenye fremu na skrubu nne. Ataongeza nyingine kumi na mbili, kesho asubuhi ataliburuta gari hadi uwanjani akaombe wampokee mapema, na tuone nani atamzuia. Akafungua milango yote miwili ya banda. Ilikuwa saa kumi na moja, jua limeinama, linamulika moja kwa moja kutoka upande wa kichochoro. Akaingia kwenye kiti cha dereva, bisibisi mdomoni, akainua macho.

Ukungu. Kichochoro chote kilikuwa kama kimemwagiwa maji ya unga. Ukuta wa jirani haukuwa na mwanzo wala mwisho, na jua lilikuwa limetawanyika kila mahali, jeupe, likimchoma. "Masalio ya bango," akasema kwa meno, akavuta kitambaa chini ya kiti, akakikunja vizuri, akanyoosha mkono kulifuta bamba.

Mkono ukapita.

Ukatoka nje ya fremu hadi kwenye kiwiko, kitambaa kikining'inia juu ya pua ya gari. Akaurudisha. Akaupeleka tena, polepole, vidole vimetangulia mbele kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Hapakuwa na bamba wala kioo, ila upepo tu wa jioni. Nao ukungu ulikuwa pale pale, haukusogea hata kidogo.

Hivyo ndivyo mkewe alivyomkuta. Alisimama mlangoni na kile kitambaa chake chekundu, na Halipiti hakumgeukia.

"Nani ametoa bamba?"

"Kidole. Alikuja saa nne, ulipokuwa kwa kinyozi. Mimi nilimwambia alichukue usije ukalifunga, aseme amekwenda kulipunguza."

"Kwa hiyo tangu saa nne hapa mbele yangu hakuna kitu."

"Hakuna kitu, mzee."

Akatoa bisibisi mdomoni, akaiweka mapajani. "Nimekufuata leo," akasema. "Nimesikia. Asiliendeshe kabisa. Wewe, mama. Wewe wa kunifanyia hivyo."

Mkewe akaja akakaa juu ya kasha tupu, karibu na gurudumu. Hakukana. "Umesikia vizuri," akasema. "Siku ile ya pikapu, lile halikuwa jiwe."

Halipiti akamgeukia.

"Alikuwa mwanamke, ana mtoto mgongoni. Alikuwa ameshaingia katikati ya njia tangu tukiwa mbali, anavuka taratibu. Nikasubiri upunguze mwendo. Hukupunguza. Nikataka kupiga kelele, sauti ikagoma. Akaruka. Ule mlio ulikuwa kofi lake kwenye gari. Ukashuka, ukazunguka, ukatukana watoto, na yeye amekaa chini hatua tatu kutoka ulipo, amemshika mwanawe, anakutazama. Ukampita. Nikamwangalia, naye akaniangalia. Sikujua nimwambie nini."

"Aliumia?"

"Hakuumia. Kesho yake nilirudi nikamtafuta mpaka nikampata. Mtoto pia mzima."

Jirani alikuwa akipiga maji kwa pampu ya mkono, na pampu ilikuwa inalia.

"Miezi mitatu," Halipiti akasema. "Miezi mitatu mnanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniuliza nani amenituma."

Alitaka kubisha. Akalitafuta jibu jingine ambalo angelitoa siku ile, akarudi pale pale. Ndilo hasa ambalo angeuliza, tena kwa sauti.

"Na hii vita yote ya kioo na plastiki?"

"Ningekuacha na kioo peke yake ungekikagua siku mbili ukakifunga, tungekwisha kufa. Nikasema nikikupa viwili vitakuchelewesha." Sasa alikuwa analia, na alilia akiwa amekasirika. "Sikujua namna nyingine. Nilikwenda kwa daktari wa macho bila kukuaga. Anasema nikulete, kuna mengine yanatibika na mengine la, mpaka akuone. Nami kila siku naamka nasema leo nitamwambia. Naogopa, mzee. Kila nikikaa kwenye kile kiti kando yako nashika mlango kwa mkono wote."

Halipiti akatazama mbele. Akafumba jicho la kushoto. Ukungu. Akalifungua, akafumba la kulia, na huko ulikuwa mzito zaidi, jua limegeuka taulo jeupe. Alirudia mara tatu kwa utaratibu, kama alivyokuwa akirudia kwenye breki za magari ya watu, na matokeo hayakubadilika.

Halafu akashuka. Hakutazama chini, alishika ukingo wa mlango, akateleza kwa kiganja juu ya boneti aliyoipiga msasa mwenyewe, akazunguka pua ndefu ya gari hadi upande wa pili. Akapapasa kitasa. Akaingia kwenye kiti ambacho hakuwahi kukikalia, akavuta mlango.

"Kaa hapo," akasema.

Mkewe akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. Akainuka kwenye kasha, akaingia upande wa usukani, akakivuta kiti mbele kwa sababu miguu haikufika. Akaweka mikono yote miwili kwenye usukani. Aliushika mahali pasipopaswa, chini mno, na Halipiti alijua hivyo kwa mlio wa bangili zake zilipogusana na alumini ya usukani, lakini hakumsahihisha.

"Unaona mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho. Kuna mtu anaanika shuka ghorofani. Kuna paka kwenye bomba."

"Ijumaa ya ukaguzi utalipeleka wewe uwanjani."

Mkewe akamgeukia. Mumewe alikuwa ametazama mbele, na mashavu yake yalikuwa yamelowa.

"Sasa niambie," akasema. "Kioo au plastiki? Wewe ndiye utakayetazama."

Mkewe akafikiri sawasawa, kama mtu aliyeulizwa swali la kazi. "Kioo," akasema. "Kizito, lakini mvua ikinyesha nataka nione."

"Basi mpigie Kidole akilete kile kile cha kwanza, chenye alama. Na huyo daktari wako anakuwepo lini?"

"Jumanne."

"Jumanne sawa."

Mkewe akangoja swali linalofuata. Halikuja.